Viatu vya Theluji vya Masele

Masele alikuwa mtu wa kuota. Sisemi kuota ng'ombe wengi na mke wa pili, maana ndoto hizo kila mwanamume wa Shinyanga alikuwa nazo na hakuhitaji kulala ili azipate. Nasema kuota hasa, macho yamefumba, pumzi inakwenda taratibu, halafu mtu anaamka na wimbo mzima kinywani, maneno yake, mdundo wake na mahali pa kukanyaga. Usukumani mtu wa namna hiyo hana pa kukimbilia. Atafanywa ningi, kiongozi wa ngoma, yule anayetunga nyimbo na kushika usinga mbele ya safu ya wachezaji.

Ngoma zenyewe, mbina kama wanavyoziita wenyewe, huchezwa baada ya mavuno. Vikundi viwili hukutana uwanja mmoja, saa ileile, kimoja upande huu na kingine upande ule, na hakuna mwamuzi. Watu ndio waamuzi. Wakikimbilia kwako umeshinda. Wakikuacha unabaki na ngoma yako na vumbi lako, na wimbo wa kukucheka huimbwa mpaka masika. Miaka sita mfululizo Masele aliwavuta watu upande wake kama asali inavyovuta sisimizi.

Kisha ukaja ukame wa mwaka arobaini na tisa. Ng'ombe wakafa wamesimama. Masele akafanya walivyofanya wengi, akafunga kanga ya mkewe shingoni kama kumbukumbu, akaenda kwa miguu mpaka upande wa Geita kuteremka shimoni kutafuta dhahabu ya watu wengine. Huko chini hakuna jua wala mwezi, lakini ndoto zilimfuata. Wakati wa mapumziko alikuwa akilala juu ya kifusi na kuamka na wimbo, akiuimba polepole asiwaamshe wenzake. Mwaka wake wa tatu jiwe likateleza kutoka ukutani likaangukia mguu wake wa kulia. Likala vidole viwili vya mwisho. Mfupa wa juu ya wayo uliunga, ila uliunga kwa kiburi, ukaacha nundu ngumu.

Alirudi nyumbani mwanzoni mwa mwaka hamsini na mbili, anachechemea kidogo. Kutembea aliweza. Kulima aliweza. Kukanyaga ngoma ndiko kulikomshinda, kwa sababu mguu ukikunjika katikati, maumivu yalipanda kutoka unyayoni mpaka kwenye magego.

Muda wote huo usinga ulikuwa kwa Mihayo, mtoto wa dada yake, kijana mrefu mwenye aibu. Siku ileile mjomba alipofika, Mihayo aliuleta kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Shikamoo, mjomba. Nilikutunzia tu," akasema.

"Marahaba," Masele akajibu, akaupokea.

Wazee wa kikundi hawakuwa wakatili. Walikuwa na sheria yao tu, ya tangu babu zao: ningi ndiye anayeifungua ngoma kwa kukanyaga mbele ya watu wote, na asiyeweza kuifungua huupisha usinga. Walimpa mpaka mavuno. Mkewe, Bernadina, mwanamke wa maneno machache, alimwambia kwamba Mihayo si mtu baki, na usinga ukienda kwake haujatoka nyumbani. Alisema kwa mapenzi, na ilimchoma zaidi kwa sababu hiyo.

"Mama Kabula," Masele akamwambia, "ndoto haziachi kuja. Nikinyang'anywa usinga, nitazipeleka kwa nani?"

Bernadina akavuta ungo karibu. Akaendelea kupeta mtama.

Basi mwezi wa tano Masele alikwenda mjini. Katika duka la Bashiri, karibu na stesheni, kulikuwa na gunia la viatu vya jeshi vilivyobaki baada ya vita, ambavyo Bashiri alivinunua Mwanza bila kuvitazama. Vingi vilikuwa buti za kawaida, na watu walikuwa wamekwisha kuvichambua kama kuku anavyochambua chenga. Kila aliyekuja alikamata kiatu kwa ncha na kisigino akakikunja. Kikikunjika vizuri alifurahi, kikigoma alikitupa. Ndiyo maana chini kabisa ya gunia ilibaki jozi moja ambayo hakuna aliyeitaka. Ngozi yake ilikuwa nene kama ya kifaru, soli mbao tupu, ncha zake zimekatwa mraba, na nyuma ya kisigino kuna mfereji usiojulikana wa kazi gani.

Masele aliikamata, akaikunja. Haikukunjika. Akaweka goti, akabonyeza kwa uzito wake wote. Wapi. Hapo akaona jambo ambalo wenye miguu mizima hawakuwa na sababu ya kuliona: kiatu kisichokunjika hakiukunji mguu.

"Hivyo acha," Bashiri akasema kutoka kwenye kaunta, "vitakuua. Ni vya nchi za baridi. Wanafunga mbao ndefu chini yake, wanateleza milimani juu ya theluji."

"Theluji ndiyo nini?"

Bashiri mwenyewe alikuwa hajaiona. Alifikiri, akatazama nje ambako marobota ya pamba yalikuwa yakisubiri treni. "Kama pamba," akasema, "lakini imejaa nchi nzima, na hakuna aliyeipanda."

Masele alitoka pale na viatu begani. Koti lake zito la mgodini lilibaki dukani kwa Bashiri, na kila mmoja aliamini kwamba amempunja mwenzake.

Sasa kuwa na kiatu ni jambo moja, na kiatu kuwa chako ni jambo jingine. Nyumbani Masele alivivaa, mguu wa kulia ukawa unaogelea upande wa vidole visivyokuwepo na kubanwa pale penye nundu. Akafanya kosa ambalo ni sisi watu wa nchi ya pamba tu tunaoweza kulifanya. Kwetu pamba ni dawa ya kila pengo: hutiwa kwenye mto, kwenye jino, kwenye dirisha. Akashindilia pamba mpaka kiatu kikatulia, akaenda kufanya mazoezi nyuma ya boma. Wimbo wa kwanza ulikwenda kama maziwa. Wa pili jasho likaingia. Wa tatu pamba ilikuwa imegeuka mawe, na mguu ukavimba kiasi kwamba Bernadina alimvua kiatu huku amekanyaga tumbo lake.

Ndipo akaenda kwa Zamoyoni. Huyu alikuwa fundi viatu mwenye kibaraza nyuma ya msikiti, mzee wa Kimanyema aliyezaliwa Ujiji, hana haraka na mtu. Alipoichomoa ile pamba iliyogandamana alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Umekitengenezea kiatu godoro," akasema. "Kilale. Wewe utasimama wapi?"

Akakataa kuupima mguu asubuhi ile. Asubuhi mguu ni mwongo, alisema, umelala, umekonda, unakubali kila kitu. Akamwambia atembee mjini mchana kutwa, arudi baada ya alasiri mguu ukiwa umechoka na unasema kweli. Masele akazunguka sokoni, akarudi. Zamoyoni akamkalisha, akamvalisha, akampiga kisigino nyuma kwa kiganja mpaka kikagota mwisho wa kiatu, ndipo akaanza kufunga kamba, kutoka chini kwenda juu, akimuuliza kila hatua panamgusa wapi.

"Kisigino kifungwe," akawa anasema, kama anayesomesha, "vidole viwe huru kusalimiana, na katikati pasicheze."

Vidole vya Masele vya kusalimiana vilikuwa vitatu. Pengo la viwili vilivyobaki shimoni, Zamoyoni hakulijaza kwa pamba. Alikata kofia kuukuu ya sufu iliyoshindiliwa, akaipunguza kwa kisu kidogo kidogo, akaifunika kwa ngozi laini ya mbuzi. Kwa ile nundu alichonga kibonge cha mti wa mkurungu chenye umbo lake, akailowesha ngozi kwa maji ya vuguvugu, akakisukuma kibonge ndani na kukiacha. Kesho yake aliilowesha tena, akamvika Masele kiatu kikiwa kibichi. "Kaa," akamwambia. "Kikauke mguuni. Hapo kitakujua."

Basi Masele akawa anakuja kukaa. Siku nyingi za mwezi wa tano na wa sita alizimaliza kwenye kibaraza kile, miguu imenyooshwa juani, viatu vikitoa mvuke kidogo na harufu ya ng'ombe wa mbali. Nyundo ya Zamoyoni iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Treni ililia. Kope zikawa nzito.

Na akaota. Aliota nchi nyeupe ambayo haikuwa na mwisho, pamba isiyo na shina wala mpandaji, na hewa baridi kama maji ya mtungi. Alitembea juu yake bila kuzama na bila maumivu, wala viatu havikutoa sauti. Kila alipoamka alitabasamu bila kujua anamtabasamia nani, na Zamoyoni alimsogezea kahawa bila kumuuliza kitu. Nadhani zile ndizo zilikuwa siku zake nzuri kuliko zote tangu atoke shimoni.

Viatu vikawa tayari. Masele aliwaita wachezaji wake, akasimama mbele yao kwenye uwanja wa nyumbani, akaifungua ngoma kwa mguu wa kulia. Ule mguu ulishuka kama mchi. Haukukunjika, haukuuma. Wakatazamana. Mihayo ndiye aliyecheka kwa furaha kuliko wote, na hiyo ndiyo tabia yake, wala hakuwa anajifanya.

Ikabaki dawa. Hakuna kikundi kinachokwenda kwenye mashindano bila dawa ya kuvuta watu, samba, na mganga wa kikundi hiki alikuwa Bujiku, mtu mwenye sauti ya upole ambaye hakuna aliyewahi kumbishia. Wiki moja kabla ya mashindano alivichukua vile viatu akakaa navyo. Vilipotoka, ndani ya kiatu cha kulia, chini ya wayo, palikuwa pameshonwa kifuko cha ngozi chenye mizizi. Dawa ile ilitakiwa kukanyagwa. Kila unapokanyaga unaita watu, na mguu wa kufungulia ngoma ndio unaoikanyaga kwanza.

Masele alivaa akasimama, na maumivu yakarudi yote kama mgeni anayeijua njia. Kifuko kilikuwa kimekaa chini ya mfupa uleule. Kazi yote ya mwezi mzima ilikuwa imeharibiwa na kitu kikubwa kama tende.

Alikwenda kwa Zamoyoni mbio, kama mguu ulivyoruhusu. Fundi alitia mkono ndani, akakigusa kifuko, akautoa mkono.

"Mimi nakata ngozi," akasema. "Dawa ya mtu sikati."

"Unaiamini?"

"Sina haja ya kuiamini. Wenzako wanaiamini. Ukiitupa utakuwa umewatupa wao."

Hapo Masele alikaa chini, akavua kofia, na akalia. Alilia kama mtoto, nasema wazi, mbele ya watu wanaopita kwenda msikitini. Zamoyoni akavua koti lake mwenyewe akamfunika, akarudi kwenye nyundo. Kulia kunachosha. Jua lilikuwa zuri, na baada ya muda Masele alikuwa amelala pale alipokuwa.

Alikuwa tena katika nchi nyeupe. Safari hii aligeuka kutazama alikotoka, akaona nyayo zake. Zilikuwa za mguu mmoja tu. Kushoto, na mbele yake kushoto, na mbele yake tena kushoto, mstari mrefu mpaka macho yanaposhindwa. Akaamka na wimbo kinywani, na kabla hajafuta mate alikuwa amekwisha kusema: "Ihamishie kushoto. Sikati, situpi. Nahama nayo."

Akakifumua kifuko kwa mkono wake mwenyewe, Zamoyoni akakishona katika kiatu cha kushoto, kisha akaongeza kipande cha kofia chini ya mguu wa kulia ili mtu asisimame mshazari. Bujiku alipoelezwa alikipapasa kifuko kwanza. "Dawa inataka mguu wa kufungulia," akasema. "Ukifungulia kushoto, haina ugomvi nawe."

Aliyekuwa na ugomvi ni kikundi. Katika kikundi chao mguu wa kushoto ulikuwa wa kuondokea makaburini, ngoma haikuwahi kufunguliwa nao. Masele aliwaomba wabadilike, wakainamisha vichwa. Mwisho Mihayo akasema, kwa sauti ya chini, "Mjomba, mguu huu wa kulia ulitufundisha wewe. Umekwisha kuingia mwilini. Tukibadili sasa tutakanyagana." Kweli tupu, na Masele aliijua. Wakakubaliana nusu ya kukubaliana: yeye atafungua kwa kushoto, wao watakwenda kwa kulia, na Mungu atajua la kufanya.

Siku ya mashindano uwanja ulijaa kutoka pande zote, na hata wachimbaji wa migodini walikuja kutoka mbali kama Rwamgasa, upande wa Geita. Wapinzani walikuwa na nungunungu hai ndani ya tenga, na watu wengi walikuwa wamekwisha kujipanga upande wao. Masele akasimama mahali pa ningi, mbele ya safu, uso kwa watu, mgongo kwa wachezaji wake, kama alivyosimama miaka yote. Akainua usinga. Akakanyaga kushoto.

Nyuma yake wakakanyaga kulia.

Viatu vilifanya kazi yake. Mguu haukuuma hata kidogo, na sauti ya ile soli ngumu ilitikisa ardhi. Lakini safu ilipoyumba huku, yeye aliyumba kule. Walipokwenda kulia aliwaachia nafasi tupu, waliporudi nusura agongane nao. Kwa mtazamaji alionekana kama mlevi aliyejipenyeza kwenye ngoma ya watu. Mwanamke mmoja akacheka. Kicheko ni kama moto wa nyasi kavu. Watu waliokuwa upande wake wakaanza kutazama kule kwenye nungunungu, na wa pembeni wakaanza kuondoka.

Masele aliona aibu. Aliiona mpaka masikioni, na hakuweza tena kuzitazama zile nyuso. Basi akafanya jambo ambalo ningi hafanyi, kwa maana watu ndio chakula chake: akawageuzia mgongo. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu mahali pa kuuficha uso.

Na alipogeuka, mguu wake wa kushoto ukawa upande mmoja na mguu wao wa kulia. Akakanyaga, wakakanyaga, upande uleule. Akayumba wakayumba naye, kama mtu na sura yake kwenye maji ya lambo. Hakuna aliyekosea. Hakuna aliyebadili kitu. Mlio mmoja ukapanda, wa miguu yao mitupu na viatu vyake vya theluji kwa pamoja, na Masele akautoa ule wimbo wa nyayo za mguu mmoja, akiwaimbia wao machoni.

Huko nyuma watu walikuwa wanaona mgongo unaoimba, na nyuso ishirini zinazouangalia mgongo huo kwa mapenzi. Mwanadamu hawezi kuvumilia jambo hilo. Wakataka kuona uso unaotazamwa hivyo. Wakaanza kuzunguka, wawili watatu, kisha mkondo mzima, wakipita ubavuni mwa uwanja kuingia nyuma ya safu, na waliokuwa kwa nungunungu wakaona wenzao wanakimbia, wakakimbia nao bila kuuliza. Ngoma ikazingirwa pande zote. Upande wa pili ukabaki nungunungu na mchungaji wake.

Masele hakuyaona hayo. Alikuwa anaona kitu kingine, na machozi yalikuwa yanamtoka ovyo pamoja na jasho. Miaka yote alikuwa ameota ngoma hizi, akazitunga, akazifundisha, akatangulia mbele yake, na hakuwahi kuziona zikichezwa. Zilikuwa mgongoni mwake siku zote. Sasa aliziona. Alimwona mtu wa tatu kutoka kushoto akifumba macho kwenye kila kiitikio. Alimwona Mihayo, kijana mwenye aibu, akiwa hana aibu hata chembe, mguu wake unashuka mahali palepale ambapo ndoto ilitaka ushuke, bora kuliko Masele mwenyewe alivyowahi kuushusha akiwa na vidole kumi. Hakuona wivu. Alidhani angeuona.

Akamsogelea, akacheza naye uso kwa uso, na katikati ya kukanyaga akauweka usinga mkononi mwa kijana. Mihayo alishtuka nusura apoteze mguu.

"Mjomba, umeshinda. Geuka wakuone. Watu wamejaa pande zote, mpaka nyuma yako."

"Nenda wewe mbele kwao," Masele akasema. "Mimi niache hapahapa. Bado nawatazama."

Mihayo akapita mbele na usinga, na Masele akabaki amesimama pale pale katikati ya uwanja, akikanyaga kushoto.